Vifaa Hewa kwenye Kiwanda cha Mikate

Bi Taratibu alipewa kofia ya wavu, koti jeupe na mabuti ya mpira yaliyokuwa makubwa kuliko miguu yake, kisha akaambiwa asiguse kitu chochote. Agizo hilo la mwisho halikumsumbua. Tangu enzi zake polisi, kwenye dawati la udanganyifu, mpaka sasa alipokuwa mpelelezi wa kujitegemea, kazi yake kubwa ilikuwa kutazama. Jina la Taratibu alipewa na wenzake wa zamani, maana mtuhumiwa angeweza kumaliza chai yake yote, kikombe kikapoa, naye bado anatafuta miwani kwenye mkoba. Wengi walikiri kabla hajaipata.

"Mwizi ninaye," Mkurugenzi alisema wakipanda ngazi, mabuti ya mpelelezi yakilia kwata kwata nyuma yake. "Sikukuita unitafutie mwizi. Nimekuita unifungie mzigo vizuri, ili mkaguzi akifika nimkabidhi mtu wake."

"Mkaguzi wa nani?"

"Wa kampuni iliyotuuzia programu ya seva. Anakuja saa kumi. Sisi tumenunua leseni za vifaa thelathini na tano. Seva inasema vimeingia tisini. Tisini, mama! Wanataka maelezo, la sivyo tuonane mahakamani. Na hapa kiwandani anayeshika funguo za seva ni mtu mmoja tu."

"Umeshamhoji?"

"Nimemhoji leo asubuhi, palepale kwenye matanuri, mbele ya wafanyakazi wote. Nikamwambia, wewe umewauzia washindani leseni zetu, lete funguo, kakae juu umsubiri mkaguzi. Akitoka kwa mkaguzi, ni polisi."

Bi Taratibu alisimama katikati ya ngazi kuvuta pumzi. "Hiyo si kuhoji, mwanangu. Hiyo ni kutangaza."

Mkurugenzi alijikohoza. Alikuwa bado kijana, amerithi kiwanda juzijuzi tu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko uzoefu wake. "Kuna shahidi pia," alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Karani wa mizigo alimwona akitoka na boksi."

Karani wa mizigo walimkuta juu ya ngazi, ameegemea ukuta kana kwamba alikuwa akipita tu. Kiwanda kizima kilimwita Redio.

"Boksi kubwa, bibie," Redio alianza kabla hajaulizwa. "Limetobolewa matundu pande zote. Alilibeba hivi, kama mtu anayebeba mayai. Nikamuuliza, umebeba nini? Akasema vifaa. Na akatembea kwa kunyata! Mtu mzima, mchana kweupe, ananyata."

"Matundu ya nini?"

"Ya hewa. Mashine zipumue."

"Umewahi kuona mashine inayopumua?"

Redio alifikiri. "Hizi za siku hizi," alisema, "huwezi kujua."

*

Chumba cha seva kilikuwa kidogo kama stoo ya mifagio, chenye feni mbili, kabati la chuma linalovuma na kiti cha plastiki. Mlinzi alikuwa mlangoni. Kwenye kiti alikaa Fundi, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, mikono kaibana kati ya magoti. Skrini mbele yake ilikuwa imeachwa wazi, lakini kibodi ilikuwa imechomolewa na kuwekwa juu ya kabati, mahali ambapo asingeifikia bila kumwomba mlinzi ruhusa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umelia?"

"Hapana. Ni unga. Nikipita tu karibu na ukumbi wa kuokea napiga chafya mpaka machozi yanatoka. Asubuhi waliniita kule chini. Nilipiga chafya wakati bosi ananitukana. Akadhani namdharau."

Mpelelezi alikaa juu ya kreti tupu la mikate, akaanza kutafuta miwani. "Mimi seva naisikia tu. Nieleze kama unavyomwelekeza mtu aliyepotea njia."

Fundi akaonyesha kabati kwa kidevu. "Seva ndiyo hii. Ndani yake kuna programu inayopokea oda, inapima unga, inayaambia matanuri joto. Programu si mali yetu, tumenunua ruhusa ya kuitumia, ndiyo hiyo leseni. Kuna ruhusa ya seva yenyewe, inayokwenda kwa ukubwa wa mashine. Halafu kuna ruhusa ya wanaoingia humo. Hapo ndipo biashara nyingi zinapojikwaa, kwa sababu unaweza kununua kwa mtu au kwa kifaa."

"Tofauti yake?"

"Ofisi yenye mameneja, kila mmoja ana simu, ana laptopu, ana kompyuta mezani, hao unawanunulia kwa mtu. Ruhusa moja, aingie kwa chochote alichoshika. Sisi ni kinyume. Wafanyakazi ni wengi, wanapokezana zamu, lakini tableti zinazotumika kule chini ni thelathini. Kwa hiyo tulinunua kwa kifaa. Tableti moja wanaweza kuishika hata watu wanne, leseni ni ileile."

"Kama kiti cha kinyozi," Bi Taratibu alisema. "Hulipii vichwa vinavyokaa. Unalipia kiti."

Kwa mara ya kwanza Fundi alitabasamu. "Hasa. Na kila kiti kikiingia mara ya kwanza, seva inakipa tiketi. Tiketi inakaa ndani ya kifaa kile, haiazimwi. Tulinunua thelathini na tano, hizo tano ni akiba. Zikizidi, programu haikufungii siku hiyohiyo, inakupa muda wa huruma ujirekebishe. Sisi huruma yetu imekwisha leo. Tangu asubuhi inazifungia tableti moja moja, na kipya hakiingii kabisa."

"Umeuza leseni?"

"Sijauza, shangazi. Nile kiapo gani?"

"Usile chochote, bado. Ulipoona zimezidi ulisema?"

"Nilimwambia bosi. Akasema nisimletee maneno ya kompyuta wakati ana magari mawili gereji."

Miwani ilipatikana. Bi Taratibu aliivaa, akainama mbele ya skrini. Mistari ilishuka, kila mmoja ukiwa na herufi na tarakimu zilizochanganyikana kama namba ya injini.

"Haya ndiyo majina yao?"

"Programu inajibunia jina yenyewe inapowekwa kwenye kifaa. Nilipaswa kuzipa majina yangu, meza ya kwanza, tanuri la pili, na kadhalika. Sikufanya. Niliona nimeshafanya jambo kubwa zaidi." Fundi alisema hivyo kwa aibu iliyochanganyika na fahari. "Nilizipanga zijivalishe zenyewe. Tableti mpya ikishaupata mtandao wetu, inachukua programu, inajiweka sawa, inaingia kazini. Mtu hana haja ya kuniita."

"Na hawakuiti."

"Hawaniiti. Mama mdogo alinipiga marufuku kule chini. Ndiye msimamizi. Alisema mtu wa chafya na unga wa watu wapi na wapi."

"Hizi za ziada ziliingilia wapi? Kutoka nje?"

"Humuhumu ndani. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Angekuwa mtu wa nje ningeona alikopitia. Zilikuja kwa mpigo. Thelathini Jumamosi moja, thelathini nyingine Jumamosi iliyofuata."

Bi Taratibu aliinua kichwa polepole. "Thelathini kamili? Si ishirini na nane? Si thelathini na mbili?"

"Kamili."

"Mwizi gani huyo mwenye nidhamu kiasi hicho?" Mpelelezi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Mwizi anachukua anachopata. Na zile za zamani, zilipokuja mpya, zilifanya nini?"

Fundi alisogelea skrini, kidole kikishuka mstari baada ya mstari. Akarudi juu, akashuka tena.

"Zimenyamaza," alisema. "Kila kundi jipya likiingia, la nyuma linanyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu wanaoingia tu. Sikutazama wanaoondoka."

"Basi hilo tuliweke pembeni kidogo, lisipoe. Sasa niambie kuhusu boksi."

Uso wa Fundi ulibadilika. Akatazama dari, akatazama feni, akatazama viatu vya mlinzi.

"Boksi gani?"

"Lenye matundu. Ulilolibeba kama mayai."

"Shangazi, hilo siwezi kusema."

"Hata kama linakupeleka polisi?"

"Kuna mtu nitamvunja moyo."

Bi Taratibu hakumsukuma. Alitazama mikono yake, ambayo sasa ilikuwa imetoka kati ya magoti. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia kulikuwa na mikwaruzo mitatu myembamba, sambamba. Alitazama nyuma ya kabati, pale hewa ya moto ilipotokea. Kisahani cha bati kilikuwa kimesukumwa chini ya nyaya, na kwenye wavu wa feni ya chini kulinasa manyoya ya rangi ya chungwa.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Akina nani?"

"Watoto."

Fundi alifunga macho. "Wanne," alinong'ona. "Alipitia darini. Alizalia palepale nyuma ya seva kwa sababu pana joto. Nikawapeleka nyumbani. Shangazi, hiki ni kiwanda cha mikate. Mama mdogo akisikia kulikuwa na paka humu, tena nilikuwa nampa maziwa, atanichinja yeye kabla ya polisi."

Mlinzi aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Wewe umesikia nini?" Bi Taratibu alimuuliza.

"Mimi? Nimesikia feni tu, mama."

"Vizuri. Kesi ya paka imefungwa." Alisimama, akashika kiuno, akanyoosha mgongo. "Kitu kimoja tu. Jumamosi kule chini kunafanyika nini ambacho siku nyingine hakifanyiki?"

"Makabidhiano makubwa. Kundi la mchana linalikabidhi kundi la usiku kila kifaa, kimoja kimoja. Sijawahi kuyaona, lakini nasikia ni balaa."

"Leo siku gani?"

Fundi alimtazama mpelelezi. "Jumamosi," alisema.

*

Ukumbi wa kuokea ulikuwa na harufu nzuri kiasi kwamba Bi Taratibu alilazimika kujikumbusha kilichomleta. Meza ndefu za chuma zilikuwa zikikwanguliwa, sakafu inapigwa maji, trei zinapangwa kwa ukubwa. Upande mmoja wamesimama watu wa kundi la mchana, koti zimelowa. Upande wa pili watu wa kundi la usiku, wasafi, wamekunja mikono kama wakwe wanaokagua posa. Katikati ya ukumbi, mwanamke mfupi mwenye aproni iliyopigwa pasi alikuwa akitoa amri.

"Mizani hiyo! Inasoma nini?"

"Gramu mbili, mama."

"Nimekuuliza jina lako? Futa! Irudi sifuri!"

Huyo ndiye aliyeitwa Mama Sifuri. Alikuwa dada mdogo wa mama yake Fundi, na ndiye aliyemtafutia kijana kazi. Alipomwona mpelelezi, alikuja moja kwa moja, kitambaa cha kufutia kikiwa begani.

"Wewe ndiye umeletwa kummaliza mwanangu?"

"Nimeletwa kutazama, mama."

"Basi tazama vizuri. Yule mtoto hajaiba. Nimemlea tangu hajui kuvaa kaptula. Akiiba sukari alikuwa anakuja mwenyewe kusema, tena na kijiko mkononi. Na huyu bosi wetu, ambaye nilimfundisha mimi kukanda unga hapa, amesimama pale kwenye tanuri na kumpaka matope mbele za watu!" Macho yake yalijaa, lakini aliyafuta kwa kitambaa kile kile, akaacha alama ya unga juu ya pua. "Nikishamaliza kukabidhi napanda huko juu. Leo watanijua."

"Kabidhi kwanza. Nitakusubiri."

Anayekabidhiwa alikuwa msimamizi wa usiku, pande la mtu waliyemwita Tanuri. Alipita mezani na kitambaa cheupe, akipapasa pembe za chini ambako hakuna mtu anayetazama.

"Hapa pana unga," Tanuri alisema.

"Huo ni uzee wa meza, si unga."

"Mimi napokea meza, sipokei uzee."

"Basi usiniguse na mimi!" Watu walicheka pande zote mbili, na pembe ile ikasuguliwa tena.

Bi Taratibu alifuata nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Mabakuli yalikabidhiwa yakiwa yameinamishwa. Visu vikakabidhiwa vikiwa vimelala upande mmoja. Saa za kuhesabia muda za matanuri matupu zikarudishwa mwanzo. Kisha wakafika kwenye rafu ya tableti, thelathini zimesimama kwenye matundu yao kama vitabu. Baadhi zilikuwa zimeshaanza kuonyesha maandishi mekundu ya kukataliwa.

Mama Sifuri aliichukua ya kwanza, akaifuta mbele, akaifuta nyuma. Kisha akabana vitufe viwili vya pembeni, akavishikilia. Skrini ikazima. Ikawaka nyeupe. Ikaandika neno moja kubwa la kukaribisha, kama tableti iliyotoka dukani jana.

Akanyoosha mkono kuchukua ya pili.

"Mama," alisema Bi Taratibu. "Subiri."

Wale waliokuwa wakimjua mpelelezi huyu wangeshtuka, maana alikuwa amevuka ukumbi kwa kasi, mabuti na yote, na mkono wake ulikuwa tayari juu ya rafu.

"Hicho ulichofanya ni nini?"

"Nakabidhi."

"Unaikabidhi vipi?"

"Sifuri." Mama Sifuri alimtazama kama anayemweleza mtoto. "Huyu Tanuri aliwahi kuninyanyasa hapa. Alikuta kwenye tableti kuna oda za watu wangu hazijafutwa, akapiga kelele kiwanda kizima kwamba namkabidhi uchafu. Mimi! Uchafu! Nikaenda kwenye duka zilikonunuliwa, muuzaji akanionyesha, ukibana hapa na hapa, inarudi ilivyotoka kwa aliyeitengeneza. Haina cha mtu yeyote. Tangu hapo kila Jumamosi namkabidhi zikiwa safi kabisa."

"Ni kweli," Tanuri alisema. "Sijawahi kulalamika tena."

"Na zikishasafishwa, nani anaweka programu?"

"Zinajiweka zenyewe. Mwanangu kazipanga hivyo, ana akili yule. Unasubiri kidogo, ikipata mtandao inavaa nguo zake, basi."

Bi Taratibu hakuwahi kumaliza kesi kwa kudhani. Alitoa simu, akampigia mlinzi wa juu, akaomba ampe Fundi.

"Mwanangu, tazama skrini yako, usiondoe macho. Kuna nini?"

"Tisini, shangazi. Vilevile."

Mpelelezi alimwonyesha Mama Sifuri tableti iliyosafishwa. Wote watatu wakaitazama. Ilitafuta mtandao. Ikaupata. Ikapakua, ikajipanga, ikafungua mlango wa programu, kisha maandishi mekundu yakatokea yakisema hakuna nafasi.

"Shangazi!" Sauti ya Fundi ilisikika hata kwa Tanuri. "Kuna kifaa kipya kinabisha hodi! Sasa hivi! Jina silijui kabisa! Mwizi yumo humo ndani!"

"Yumo," Bi Taratibu alisema. "Nimesimama naye. Amevaa aproni."

"Aproni ya nani?"

"Ya mama yako mdogo."

Kisha, kwa mbali, mlinzi akasikika akisema, "Mungu wangu."

Mama Sifuri alitazama tableti, akatazama simu, akatazama rafu. "Nimefanya nini?" aliuliza, sauti imepungua. "Nimeiba?"

"Hujaiba. Hakuna kilichoibwa hapa." Bi Taratibu alimshika kiwiko. "Kila tableti inapewa tiketi ya kuingilia, nayo inakaa tumboni mwake. Wewe ukiisafisha mpaka sifuri, unafuta na tiketi na jina. Inarudi mlangoni ikiwa mgeni, inaomba tiketi nyingine. Seva haijui kwamba ni yuleyule aliyeoga. Inahesabu mgeni mpya, na wa zamani bado imemwandika. Thelathini za mwanzo, ukazisafisha mara ya kwanza zikawa sitini, mara ya pili tisini. Umesikia habari za wafanyakazi hewa? Wewe umeajiri vifaa hewa."

Tanuri aliangua kicheko, kisha akaona uso wa mwenzake, akakimeza.

"Kwa hiyo yale matusi ya asubuhi," Mama Sifuri alisema taratibu, "mwanangu ametukanwa kwa ajili ya usafi wangu."

Hakusubiri jibu. Alivua kitambaa begani, akakitupa kwa Tanuri, akaelekea kwenye ngazi.

*

Mkaguzi alikuwa amefika mapema. Alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye mkoba magotini, na Mkurugenzi alikuwa katikati ya kumhakikishia kwamba mhalifu ameshakamatwa, mlango ulipofunguliwa bila kubishwa.

"Mhalifu ni mimi," Mama Sifuri alisema. "Nyamaza kwanza nimalize."

Mkurugenzi alinyamaza. Alizoea kunyamaza mbele ya mwanamke huyo tangu alipokuwa hafikii meza. Mama Sifuri alisimulia yote kwa mkupuo mmoja, Tanuri na duka na vitufe, na Bi Taratibu, aliyefika nyuma akihema, akaongeza kile kilichobisha hodi mbele ya macho yao.

Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. "Naweza kuziona hizo tableti?"

Walishuka wote. Mkaguzi alivaa kofia ya wavu, akazihesabu kwenye rafu kwa kidole, akauliza kama kuna nyingine sehemu yoyote, akapelekwa stoo, garini, hata ofisini. Kisha akarudi rafuni na kuzihesabu tena.

"Ni thelathini," alisema. "Mmenunua thelathini na tano. Mko ndani ya mkataba."

"Na zile sitini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hazipo, bwana. Mkataba unahesabu vifaa, hauhesabu vivuli vyake. Mwenye seva anaruhusiwa kuzirudisha tiketi za vifaa vilivyokufa. Mimi nitaandika nilichokiona, nitaomba ofisini wawaongezee huruma mpaka kesho. Lakini kuzirudisha ni kazi ya fundi wenu, mimi siruhusiwi kugusa seva ya mteja. Fundi wenu ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Mkurugenzi. Kelele za ukumbi zilikuwa zimekufa zenyewe, makundi yote mawili yamesogea. Nyuma yao tableti ya tanuri la pili ilikuwa imeshakuwa nyekundu.

"Nitamwita ofisini," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini. "Nitazungumza naye kiume, yaishe."

"Ulimtukania ofisini?" Mama Sifuri aliuliza.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza. Ulimtukania ofisini?"

Mkurugenzi alimtazama mpelelezi, kama anayeomba kuokolewa. Bi Taratibu alikuwa ameanza tena kutafuta miwani.

Fundi aliletwa. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, leso puani, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha marufuku. Mkurugenzi alipanda juu ya kreti lililopinduliwa, akashuka, akaona akiwa chini hataonekana, akapanda tena.

"Asubuhi nilisema maneno kuhusu huyu bwana," alianza.

"Sauti!" mtu akapaza kutoka nyuma.

"Nilisema ameuza leseni zetu! Hakuuza! Alinipa taarifa mapema, nikampuuza. Nilimwita mwizi mbele yenu, na mbele yenu nasema nilikosea. Kazi yake ni yake. Nakuomba radhi, kaka." Uso ulikuwa umemwiva. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kishada cha funguo, akakinyoosha.

Ukumbi mzima ukageuka kwa Fundi. Mama yake mdogo alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili. Mkaguzi alisahau kufunga mkoba.

Fundi alishusha leso.

"Nimekusikia, bosi, nimepokea," alisema. "Lakini lete hizo funguo upesi. Tanuri la pili halijui joto lake, mikate imo ndani, na ikiungua nyote mtasema ni mimi."

Akazipokea kwenye kelele za vicheko na makofi, akapanda ngazi mbilimbili.